Kijana anataka kusukuma ordinatere ya zamani: tukubali ao tukatae?



Juma lililopita, kiisha mkutano wa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alitufuata mpaka kwenye mlango wa masomo. "Mwalimu," akasema, "mtoto wangu anataka kufungua ordinatere na kubandika skochi ndani. Anasema itakimbia zaidi. Mimi ninaona ataiua. Mje mseme naye."

Ordinatere hiyo mama aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, ikiwa imekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya. Mchana kijana wake anachapa barua na maombi ya kazi ya watu, na sisi walimu tunampelekea maswali ya mitihani. Mangaribi watoto wanalipa franka kidogo ili wacheze mpira kwenye ekrani. Feza hizo ndizo zinasomesha wadogo zake wawili wa sekondari. Sasa watoto wanalalamika kwamba mchezo unakwamakwama, wachezaji wanatembea kama wako ndani ya matope. Kijana anaogopa kupoteza wateja.

Tulikwenda siku ya posho. Mbele ya yote tulimwomba kijana atufundishe, kwa sababu mtoto anayeulizwa anajibu vizuri kuliko mtoto anayekaripiwa.

Alitueleza vizuri. Ndani ya kila ordinatere kuna prosesa, ndiyo kichwa kinachofanya hesabu zote. Ya kwake ni Intel Core 2 Duo E6400, ya aina iliyotoka mwaka 2006. Inapiga mapigo milioni 266 kwa sekunde mara 8, ndiyo gigaherzi 2,13. Ukifunika nukta moja ndogo chini ya prosesa kwa kipande cha skochi, mashine inadanganyika na kupiga milioni 333 mara 8, ndiyo 2,66. Ni robo nzima ya mbio zaidi, na hakuna feza iliyotoka. Vijana wa mjini wanaita kazi hiyo ovakloki.

Wamama, kijana hakusema uongo. Kiwanda kikitengeneza prosesa kinaacha nafasi kidogo, ili hata ile iliyo dhaifu kati ya zote iweze kufanya kazi bila kosa. Mwaka 1998 kulikuwa na prosesa moja ya bei ndogo, Celeron 300A, iliyouzwa kwa megaherzi 300. Watu wengi duniani waliisukuma mpaka 450 na ikawafanyia kazi vizuri. Kwa hiyo swali letu halikuwa kama inawezekana. Tuliuliza mbio hizo zinalipwa na nani, na kwa nini. Tukafanya hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza ni ya umeme. Prosesa ikiongezwa mbio robo moja, inakula umeme robo moja zaidi. Na mara nyingi haitulii mpaka uiongeze volti pia. Volti zikipanda sehemu moja juu ya kumi, matumizi yote yanapanda karibu nusu: iliyokula wati 60 itakula karibu 90. Nyumba ile inaishi na pano za jua na batiri moja ya volti 12, amperi 100. Hiyo ni watisaa 1200, lakini ukitaka batiri idumu, usitumie zaidi ya nusu, ndiyo 600. Ordinatere na ekrani vikila wati 120, unapata saa 5. Vikila 150, unapata saa 4, bila kuhesabu kinachopotea katika konvertiseri. Basi kijana anataka kuongeza wateja, kumbe kila mangaribi atapoteza saa nzima ya kuwahudumia. Akiwasha jenereta ili airudishe saa hiyo, esansi itakula faida.

Hesabu ya pili ni ya moto. Umeme wote unaoingia katika prosesa unatoka kama joto. Vantilateri inapuliza hewa ya chumba, na haiwezi kuipoza prosesa kupita hewa hiyo. Chini ya mabati yetu, saa nane ya mchana, hewa yenyewe ni ya moto. Tena prosesa hizi, zikipata moto sana, zinajipunguza mbio zenyewe ili zisiungue. Ukiisukuma katika chumba cha moto, unaweza kuipata inakwenda polepole kuliko mbele.

Hesabu ya tatu ni ya kazi ya watu. Prosesa iliyosukumwa kupita nguvu yake haifi palepale kila mara. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya, na kazi uliyoiweka inafunguka ikiwa imeharibika. Ndani ya mashine ile kuna maswali yetu ya mitihani na pointi za watoto wenu. Katika mchezo kosa kama hilo ni kicheko, lakini katika pointi za mwanafunzi ni machozi.

Hapo mama akauliza swali lililopita hesabu zetu zote: "Na ikikufa, tunakaa siku ngapi bila kazi?" Kijana akanyamaza kidogo. "Mama, ikikosekana Kasongo, itatafutwa Kindu ao Bukavu. Pengine miezi." Hakuna aliyeongeza neno.

Kiisha tukamwomba jambo moja: mbele ya kuongeza mbio, tujue kwanza ni nini kinachokwamisha mchezo. Kuna jaribio rahisi. Unapunguza ukubwa wa picha katika mipango ya mchezo. Mchezo ukianza kukimbia, basi prosesa haina kosa; aliyechoka ni ule upande unaochora picha. Ukibaki vilevile, hapo unaweza kushitaki prosesa.

Alishusha picha kutoka 1280 kwa 1024 mpaka 800 kwa 600, na akazima vivuli na mambo ya urembo. Wachezaji wakakimbia! Kumbe skochi isingesaidia kitu, maana mashine ya ofisi haikuwekewa karte nzuri ya picha.

Akaichomoa kwenye umeme, akaifungua. Wamama, vumbi lilikuwa kama pamba ya mto wa kulalia. Alisafisha kwa brosi laini, akishika vantilateri kwa kidole isizunguke. Ile pati nyeupe kati ya prosesa na chuma cha kupoza ilikuwa imekauka kama chaki. Aliifuta, akaweka nyingine kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Programu ya kupima joto, iliyoonyesha digri 84 wakati wa mchezo, sasa ilionyesha 63.

Basi tulikata shauri pamoja: hapana, si kwa mashine hii. Lakini hatukusema kwamba ni vibaya siku zote. Kijana akipata mashine yake nyingine, isiyobeba kazi ya watu wala chakula cha nyumba, yenye vantilateri nzuri na umeme wa kutosha, ajaribu. Apande kidogokidogo, kila hatua aipime kwa saa nyingi. Namna hiyo atajifunza mengi, na siku moja Nyangwe itahitaji fundi.

Mama ambaye hajui klavye bado ana haki ya kuuliza. Mtoto wako akija na shauri kama hili, muulize haya: Ni nini hasa kinachokwama, na umepima namna gani? Umesafisha kwanza? Itakula umeme kiasi gani zaidi, na tutautoa wapi? Kazi ya nani imo ndani, na imewekwa nakala pahali pengine? Ikikufa, nani atalipa? Akijibu yote bila kukasirika, huyo ni mtu mzima, msikilize. Akishindwa kujibu, mpe muda akatafute majibu. Usimwite mjinga mbele ya rafiki zake.

Kwa upande wetu, tulimwomba kijana ahadi moja: mtoto mwenye kuvaa yunifomu asikae mbele ya mchezo saa za masomo. Alikubali. Skochi yake alitupatia, na juma hili tumefungia nayo bahasha za mitihani.

Mpaka juma lijalo, wamama.