Gari la abiria limesinyaa, la mkubwa limenenepa

MZEE mmoja wa kwetu Iyolwa, aliyerejea nyumbani baada ya kuendesha teksi Marekani kwa miaka mingi, ana mazoea ya kupima magari kwa hatua. Akikuta gari limeegeshwa kituoni hulizunguka polepole, huhesabu hatua kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma, kisha hutikisa kichwa. Probox huimaliza kwa hatua tano.

“Hili si gari,” huwaambia vijana wanaopakia mizigo. “Hili ni buti la gari langu.”

Gari lake lilikuwa Chevrolet Caprice, baadaye Ford Crown Victoria. Yote mawili yalizidi mita 5.3 kwa urefu, na kiti cha mbele cha Caprice anayoisimulia kilikuwa kama benchi la kanisani. Vijana humcheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni. Lakini kila nikipanda gari la kuelekea Busia huwa nakumbuka maneno yake, maana hata sisi ambao hatukuwahi kuvuka bahari tuna gari letu tunalolililia.

Gari hilo ni Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, tuliyoiita Pijo. Msomaji aliyesafiri kati ya Busia na Kisumu katika miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kuelezwa. Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, na hiyo ya kubeba familia ilikuwa na urefu wa mita 4.8, mbali na keria ya juu iliyobeba magunia, magodoro na kuku. Kabla yake tulikuwa na 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 nayo ikashinda mwaka wa 1975 na 1978. Mtu akishaona gari limetoka kwenye tope la Safari likiwa mbele, haambiwi tena kitu na tangazo la gazetini.

Tena zilikuwa zikiunganishwa Mombasa, na kazi hiyo iliendelea hadi 2004. Kwa hiyo spea zilipatikana. Upande wetu wa Uganda, baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka wa 1972 na maduka mengi kubaki matupu, gari lililoweza kuendelea kutembea ni lile ambalo fundi angeweza kulipatia spea ng'ambo ya mpaka.

Sitaki kuzipamba siku hizo kupita kiasi. Pijo ya abiria saba nayo ilibeba kumi, na kulikuwa na madereva waliodhani wao ndio wanaoshindana Safari. Isitoshe, enzi za Amin, gari lenye namba zilizoanza na UVS likisimama mlangoni pako usiku, hukuuliza limeundwa na kampuni gani. Ninachosema ni kwamba gari la kumbeba mwananchi lilikuwa kubwa, na lilikuwa kubwa kwa sababu lilijengwa kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwa mzee wetu na Caprice yake, kwa kuwa kilichotokea huko Marekani kinaeleza mengi ya huku.

Mnamo Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisusia kuiuzia Marekani mafuta. Kufikia mapema mwaka uliofuata bei ya pipa ilikuwa imepanda takriban mara nne, kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyowalazimu watengenezaji kupunguza unywaji wa mafuta wa magari yao, ili kufikia 1985 wastani wa magari madogo ya abiria uwe kama kilomita 11.7 kwa lita. General Motors ilichukua kisu. Caprice ya mwaka wa 1977 ilikuwa fupi kuliko ya 1976 kwa zaidi ya sentimita 25, na nyepesi kwa zaidi ya kilo 250. (Huo ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, hivyo sishangai kwamba hapa kwetu habari za kufupishwa kwa Caprice hazikumshughulisha mtu.)

La kuzingatia ni kwamba nafasi ya ndani haikukatwa. Buti na nafasi ya kichwa hata viliongezeka. Mafundi walipunguza bati na kumwachia abiria nafasi yake.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Pikapu na magari yaliyohesabiwa kuwa ya mizigo yaliwekewa kiwango chao, tena chepesi zaidi. Na tangu 1964, kutokana na ugomvi na Ulaya kuhusu biashara ya kuku, Marekani ilikuwa inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje. Kampuni za huko ziliona wapi pa kujificha. Caprice ya mzee wetu ilikoma 1996. Crown Victoria ikafuata 2011, na Impala ya Chevrolet ikaagwa Februari 2020. Wakati huo pikapu zilizidi kunenepa. Leo Ford F-150 ya milango minne inakaribia mita 5.9, wakati Caprice ya 1976, ile ambayo watu waliiona kama meli, ilikuwa mita 5.66.

Kwa hiyo Wamarekani wanaosikitika kwamba gari kubwa limekufa hawasemi kweli yote. Ukubwa ulihama. Ulitoka kwenye gari la teksi na la baba wa watoto wanne, ukahamia kwenye gari ambalo mara nyingi utaliona na mtu mmoja ndani.

Hapa kwetu mambo ni hayo hayo, ila yametugusa vibaya zaidi. RAV4 ya kwanza ya milango mitatu, iliyotoka 1994, ilikuwa na urefu wa mita 3.7 hivi. RAV4 ya sasa ina mita 4.6. Corolla ya 1966 ilikuwa mita 3.85, na siku hizi Corolla ya soko la nje imefika mita 4.63. Gari la mwenye nacho limekuwa likila na kushiba. Gari la abiria wa Bumala, Ugunja na Maseno ndilo limetoka mita 4.8 za Pijo hadi mita 4.2 za Probox.

Wa kulaumiwa si Probox yenyewe. Ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, kazi yake ikiwa ni kubeba sampuli na barua za kampuni katika vichochoro vya miji ya huko. Upana wake ni mita 1.69, na hiyo si bahati. Sheria ya Japani inaliweka gari katika daraja la magari madogo iwapo halizidi mita 1.70 kwa upana, mita 4.70 kwa urefu na injini ya cc 2000. Likivuka, linahesabiwa daraja jingine. Mjapani akajibana ndani ya kipimo hicho kwa sentimita moja. Alipoliuza likiwa kuukuu, sisi tukanunua gari pamoja na sheria iliyolibana.

Kisha nasi tukaongeza zetu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka wa 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa hadi asilimia 25 kwa magari ya injini inayozidi cc 1500, na yaliyo chini ya hapo yakabaki asilimia 20. Uganda ilifunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka wa 2018. Kila hatua ina sababu yake, na sipingi hewa safi. Lakini mtu anayetaka kuanza biashara ya kubeba abiria akishapiga hesabu za masharti hayo, mkono wake unaangukia pale pale: cc 1500, viti vitano.

Ni gari la kubeba uzito gani? Wajapani waliandika: kilo 400 za mzigo ikiwa ndani mna watu wawili, na kilo 250 ikiwa ndani mna watu watano. Gunia la mahindi upande wa Kenya ni kilo 90. Maana yake, dereva na abiria wanne wakishakaa, magunia matatu hayaingii kihalali.

Katika safari yangu ya mwisho kutoka Kisumu tulikuwa 11. Wanne mbele, dereva akiwa ameegemea mlango wake, watano katikati, na wawili kwenye buti pamoja na gunia la omena, trei za mayai na robota la mitumba. Tukadirie kilo 65 kwa kila mtu, tunapata 715 kabla ya mzigo. Ukichukua hesabu ya Mjapani, watu watano wa kilo 55 na mzigo wa 250, unapata 525. Breki zilikuwa zile zile. Vizuizi vya barabarani tulivipita. Nasema tulivipita tu, msomaji ataelewa.

Mwenye omena alikuwa mama wa makamo anayevuka mpaka mara mbili au tatu kwa wiki. Nilimwuliza kwa nini hasubiri basi.

“Mwanangu, basi litanichukua mimi na kunizungusha na mzigo,” akanijibu. “Huyu ananipeleka na gunia langu mpaka karibu na forodha. Nikichelewa, bei ya asubuhi imeisha.”

Jibu hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi za usalama barabarani. Biashara ya mpakani inatembea kwa vifungu vidogo. Mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 ina utaratibu wake mwepesi wa forodha katika Jumuiya, nao umewasaidia sana kina mama hawa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni mnamo Februari 24, 2018, nacho kilipunguza kuhangaika kati ya ofisi za nchi mbili. Lakini utaratibu wa forodha unaanzia kwenye meza ya afisa. Hauulizi gunia lilifikaje pale.

Na sisi wa Busia tunajua vizuri kwamba serikali ikigusa kodi, chombo cha usafiri hubadilika. Bodaboda ilizaliwa hapa hapa, baiskeli ikimvusha mtu eneo lililo kati ya vizuizi viwili, na jina likatokana na mpaka wenyewe. Kenya ilipoondoa kodi ya thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka wa 2008, pikipiki zilijaa kila kijiji. Zilileta ajira, zikajaza pia wodi za mifupa. Hakuna aliyeamuru vijana wapande pikipiki. Bei ndiyo iliyowaamuru.

Sasa tazama sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inavyomtendea anayerejea nyumbani, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu ni watu wa namna hiyo. Ukirudi kuishi, unaweza kuingiza gari moja bila ushuru iwapo ulilimiliki na kulitumia huko nje kwa angalau miezi 12. Vizuri. Lakini msamaha huo hauhusu basi wala basi dogo la abiria zaidi ya 13, wala gari la mzigo wa zaidi ya tani 2. Matatu ya kawaida ni abiria 14. Imekosa kwa kiti kimoja.

Naelewa walichohofia walioandika: kwamba mtu atajifanya anahama kumbe analeta biashara. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba anayerudi na gari la kujibeba yeye anasamehewa, naye anayetaka kurudi na gari la kuibeba Iyolwa nzima siku ya soko analipa kila senti. Sisemi mlango ufunguliwe ovyo. Ningependa mawaziri wa fedha, wanaposoma bajeti zao mwezi Juni, waache kuangalia cc peke yake na waangalie pia viti. Gari la viti vinane lenye leseni ya kubeba abiria lisilipe ushuru sawa na gari la mtu mmoja eti kwa sababu injini zao zinalingana. Hapo mwenye Probox atakuwa na pa kuhamia. Kwa sasa tunamkamata, tunamwachilia, kisha tunampigia simu atuwekee nafasi.

Mzee wetu, kwa taarifa ya wanaomjua, hakurudi na Caprice. Usukani wake uko kushoto, nasi pande zote mbili za mpaka tunaendesha kushoto mwa barabara. Kenya haisajili gari la namna hiyo ila kwa kazi maalum kama za zimamoto. Alikuwa na akiba ya kununua basi dogo, akapiga hesabu ya ushuru, akaachana nalo. Amenunua Noah ya viti vinane, iliyotumika, kutoka kwa mtu wa Tororo. Aliipima siku ile ile ilipofika. Hatua tano na nusu.

“Siti ni za kutosha,” alisema, akawaambia vijana wasipakie mtu wa tisa.

Wiki ya kwanza walimsikiliza.