Nani Humpima Anayempima Muuguzi?

Mwezi wa Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika Hospitali ya Wilaya ya Bungoma. Alikuwa ameagizwa ajinunulie mwenyewe dawa ya kuanzisha uchungu. Vitanda vya kuzalia vilikuwa vimejaa. Na alipozinduka, badala ya kufunikwa shuka, alizabwa makofi na wauguzi na kuamriwa abebe kondo la nyuma, arudi kwa miguu katika chumba cha kuzalia. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Serikali itangaze, tarehe 1 Juni 2013, kwamba mama mzazi hatatozwa ada katika hospitali za umma.

Mama yule hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba haki yake na heshima yake ya utu zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Wengi waliishangilia hukumu hiyo kwa ajili ya fedha. Sisi twaithamini kwa sababu nyingine. Mahakama haikuishia kwa wauguzi wawili. Ilisema pia kwamba Serikali ya Kitaifa na ile ya Kaunti zilishindwa kuweka na kutekeleza miongozo ya huduma za afya. Yaani lawama ilipanda ngazi, jambo lililo nadra katika nchi hii, ambako lawama huteremka daima kama maji ya mvua.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na namna watumishi wa hospitali wanavyopimwa. Tangu mwaka 2004 utumishi wa umma umekuwa na mikataba ya utendakazi, na muuguzi hutathminiwa na mkubwa wake. Ni haki aulizwe alifika kazini saa ngapi na alihudumia wagonjwa wangapi. Lakini ni nani anayemtathmini yule aliyepaswa kuleta glavu asizilete? Ni nani anayemwuliza aliyemwacha muuguzi mmoja na wadi nzima usiku kucha? Waliopigania kufutwa kwa Kifungu cha 2A mwaka 1991 hawakutaka wingi wa vyama tu. Walitaka mwenye madaraka aulizwe, naye ajibu.

Hata hivyo, uhaba haumzabi mtu kofi. Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, viongozi wao walitiwa jela, na madai yao yalikuwa ya haki. Waligoma tena siku 56 mwaka 2024. Lakini amtukanaye mgonjwa asijifiche nyuma ya bendera ya chama cha wafanyakazi. Tena wapo (nasi twawajua, kwani twaketi nao kanisani) wanaotia saini asubuhi katika hospitali ya umma, na kabla ya adhuhuri wako katika kliniki zao wenyewe, wakiwapokea wagonjwa wale wale kwa malipo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwenye haki hiyo ni mgonjwa; basi mgonjwa awe shahidi wa kwanza katika kuipima kazi. Ibandikwe mlangoni mwa kila wadi idadi ya wauguzi walio zamu. Iandikwe ni dawa gani hazipo, tangu lini, na ni ofisi ipi iliyopaswa kuzileta. Na kwa kuwa Sheria ya mwaka 2023 inataka fedha zinazokusanywa hospitalini zibaki hapo hapo kuboresha huduma, hesabu yake nayo isomwe hadharani.

Twaiomba kila parokia iteue watu wawili waende katika hospitali ya umma iliyo karibu, waulize mambo hayo matatu na kuyaandika majibu. Tutayachapa katika kurasa hizi, pamoja na jina la kila ofisi itakayokataa kujibu.