Nyonga Inauma: Subira Si Kuficha Maradhi

Wako Waislamu wanaoinuka kutoka kwenye sijda kwa tabu, mkono umeshika kinena, na wakiulizwa hujibu: "Ni uchovu tu, nasubiri." Wengine huona haya kwa kuwa maumivu yako karibu na uchi. Matokeo yake huchuliwa nyumbani miezi kadhaa huku maradhi yakikua ndani.

Tuelewe kwanza mahali penyewe. Ipo misuli inayoanzia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo na ndani ya mfupa wa nyonga, ikapita mbele ya kiungo na kushika juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuinua paja: unapopanda ngazi, unapoingia kwenye daladala, unapoinuka kwa rakaa nyingine. Ikiumia, maumivu huja mbele ya nyonga na huzidi ukinyanyua goti.

Sababu zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni kuvutika ghafla: kijana anapiga mpira au anakimbia bila kupasha mwili moto. Ya pili ni kukaa muda mrefu, kama fundi cherehani, dereva na muuza duka. Msuli uliokunjwa kutwa hukakamaa. Hali hizi kwa kawaida hupoa kwa kupunguza kazi inayoumiza na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa siku mbili za mwanzo. Maumivu yakipungua, nyoosha msuli: piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma kiuno mbele taratibu kwa sekunde 30, kisha badili mguu. Na anayefanya kazi ya kukaa asimame kila baada ya nusu saa.

Lakini si kila maumivu ya hapo ni ya msuli. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huweza kutoa usaha ukateremka kwa kufuata msuli huo huo hadi kinenani. Kwa mgonjwa wa selimundu, kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu. Mzee aliyeanguka huenda amevunjika mfupa. Uvimbe unaojitokeza ukikohoa huenda ni henia. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika haya hakuna linalotibiwa kwa kuchua, na aliyevunjika huumizwa zaidi.

Kwa hiyo nasema wazi: kuficha maradhi si subira. Mtume (s.a.w) ametuamrisha kutafuta tiba. Wanachuoni wameruhusu tabibu kuona sehemu ya uchi kwa dharura ya matibabu, kwa kiasi cha haja tu, na dada yetu ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke. Asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, kama Mtume (s.a.w) alivyomwelekeza Imran bin Huswain (r.a) alipougua. Dini haikutubana, tunajibana wenyewe.

Baba mwenye nyumba, mkeo au mama yako akikwambia nyonga inamuuma tangu mwezi uliopita, usimnunulie tena mafuta ya kuchua. Mpe nauli, na ikiwezekana fuatana naye. Allah atujaalie afya njema. Amin.