Barua Isisomwe Gwarideni

Niliwahi kumwona mwalimu akiisoma barua ya mvulana wa kidato cha pili mbele ya shule nzima. Msichana aliyeandikiwa alijiinamia, wanafunzi wakacheka. Nami, nasikitika kusema, nilicheka.

Barua yenyewe haikuwa na uchafu wowote. Kijana aliomba wasome Hisabati pamoja, akamsifu mwenziwe kwa mwandiko mzuri (sifa ya ajabu, lakini ya dhati). Je, tulimfunza nini, ila kwamba hodari ni yule ajuaye kuficha? Na msichana yule akisumbuliwa kesho na mtu mzima, atamwendea mwalimu yupi?

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini fedheha bado twaitumia. Yaliyo muhimu hatuyasemi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na kwa kumnajisi mtoto wa miaka 16 au 17 imeweka kifungo kisichopungua miaka 15. Ni wavulana wangapi walioelezwa hayo darasani? Wangapi wamefunzwa kwamba msichana akikataa, amekataa, na kwamba wanaweza kubaki marafiki?

Mwalimu aiokotapo barua ya namna hii, naomba amwite mwandishi faraghani, amrudishie, kisha amsikilize.