Asiyehesabu wagonjwa wake atahesabiwa na jirani



Machi 2021 maabara ya KRISP ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, hapa Durban, ilishiriki kutoa taarifa ambayo kila Mtanzania mwenye uchungu na nchi yake alipaswa kuisoma mara mbili. Wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa Angola, wakakutwa na korona. Vinasaba vya virusi vyao viliposomwa, ikaonekana ni aina mpya yenye mabadiliko mengi. Habari za kirusi cha kwetu tukazipata Luanda kupitia Durban. Dodoma kimya.

Tukumbushane. Takwimu ya mwisho ya taifa ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, mapema Mei 2020. Baada ya hapo daftari likafungwa zaidi ya mwaka mzima. Tukaambiwa vipimo havifai, maana hata papai na mbuzi walikutwa na korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Haya, tuseme mashine zilikuwa mbovu. Hivi mashine mbovu hutengenezwa, au watu huacha kuhesabu wagonjwa?

Sisemi Afrika Kusini ni peponi. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba kule Tugela Ferry, katika jimbo hili hili, wagonjwa 52 kati ya 53 wa kifua kikuu sugu walikufa. Ilikuwa aibu kubwa, lakini ilisemwa hadharani na watu wakajua wanapambana na nini. Februari 2021, kwa kuwa walikuwa wakifuatilia aina ya Beta, waligundua chanjo ya AstraZeneca haiizuii vizuri. Wakaisimamisha, na tarehe 17 wakaanza kuwachanja wahudumu wa afya kwa chanjo nyingine. Siku hiyo hiyo sisi tulimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilithubutu kusema wazi kwamba anaugua korona.

Wapo watakaosema: Afrika Kusini ilitangaza Omicron Novemba 2021, ikalipwa kwa kufungiwa milango na Ulaya. Kweli, na ilikuwa dhuluma. Lakini Uingereza ilifuta katazo lake Desemba 15, hata wiki tatu hazijatimia. Ndugu zetu waliozikwa bila kuhesabiwa hawarudi.

Rais Samia alirudisha takwimu Juni 2021, na kwa hilo anastahili pongezi. Ila kilichorudishwa kwa kauli ya mkubwa huweza kuondolewa kwa kauli ya mkubwa mwingine. Januari 2025 tulionja tena: wizara ilisema hakuna Marburg Kagera, siku chache baadaye Rais mwenyewe akathibitisha kwamba ipo.

Kwa hiyo naomba tudai sheria, tusitegemee hisani. Mganga Mkuu wa Serikali alazimike kutangaza kila wiki idadi ya wagonjwa wa mafua makali, nimonia na kifua kikuu, mkoa kwa mkoa, bila kusubiri ruhusa ya mwanasiasa. Na mkuu wa maabara asiondolewe kwa sababu majibu yake hayampendezi mtu. Mlioko nyumbani wabaneni wabunge wenu kwa hili; sisi wa ughaibuni tuwabane mabalozi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Naomba kuwasilisha.