Programu Zilizolipiwa Zikakwama Njiani

Zamani mtu akinunua programu ya kompyuta alipewa sanduku, na ndani ya sanduku mna diski. Akapanda basi nayo mpaka Masaka au Gulu au popote kwao, na barabara ikiwa mbovu diski haikupungua kitu kwa ajili ya mashimo. Siku hizi sanduku karibu limekwisha. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha huambiwa: haya, vuta mwenyewe. Adobe waligeukia kupangisha programu zao kwa mwezi na kwa mwaka tangu 2013, na wengine wengi wamefuata njia hiyo. Mimi naona kwamba desturi hii, jinsi ilivyo sasa, yamwonea mnunuzi aliye mbali na mji, na shule zaidi ya wote.

Tupige hesabu kidogo. Faili ya kuweka Windows 11 inapita gigabaiti 5. Gigabaiti 5 ni megabiti 40,000. Mahali ambapo mnara wa simu hutupa megabiti 1 kwa sekunde, kazi hiyo ni ya sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11, na hapo ni ikiwa hakuna mtu mwingine anayetumia, umeme haukukatika, wala kifurushi hakikuisha usiku wa manane. Ikikatika saa ya 10, wauzaji wengine hukubali uendelee pale ulipoishia. Wengine hukurudisha mwanzo kama mtoto aliyekosea jedwali la kuzidisha, na data uliyokwisha kuilipia hairudi. Nayo data ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Sheria yasamehe huduma za elimu, lakini mwalimu anunuaye kifurushi kwa simu yake mwenyewe hulipa kama watu wote.

Najua shule moja iliyolipia leseni za mwaka mmoja za programu ya kukinga virusi, kwa kompyuta 20. Mwaka ukaanza kuhesabiwa siku ya kulipa. Kompyuta ya mwisho ilipata programu yake wiki ya 6, na kila asubuhi zote 20 zilivuta masahihisho yale yale, kila moja peke yake, hata somo likasimama. Muuzaji alipoandikiwa alijibu kwa upole kwamba leseni zilikwisha kutumwa. Ni kweli zilitumwa. Namba za leseni ni nyepesi, hufika kwa nukta moja; mzigo wenyewe ndio uliobaki njiani.

Jambo linaloniudhi kupita yote ni hili: mwizi hapati taabu hiyo. Nakala ya wizi huuzwa mjini kwenye flashi, nzima, na mnunuzi wake huenda nayo nyumbani jioni ile ile. Pengine ana virusi pia ndani ya flashi, lakini hilo atalijua baadaye. Mtu mwaminifu ndiye akeshaye akitazama mstari wa kijani usiosogea. Tutawafundishaje vijana kulipa haki ya mwenye kazi, ikiwa bidhaa ya haki haifiki na ya wizi inafika?

Wako wasemao tungoje tu, intaneti itapata kasi. Kweli kasi imeongezeka. Waya wa SEACOM ulipofika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sisi tusio na bahari tuliacha kutegemea setilaiti. Lakini programu nazo zinanenepa. Windows 95 iliuzwa hata kwa diski laini 13, na mtu mmoja aliweza kuzibeba zote katika mfuko wa koti. Anayengoja barabara ipanuke huku malori yanapanuka pamoja nayo atangoja sana.

Wala si bei inayotushinda. Windows 10 ilifika mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za shule ni kuukuu mno kuipokea Windows 11. Kwa shule, Microsoft walipanga matunzo ya ziada kwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, na dola 4 wa tatu. Dola 1 twaweza kuitafuta. Kinachotushinda ni njia ya kuyafikisha masahihisho hayo.

Basi wauzaji wahesabu mwaka tangu siku programu inapowashwa, na waruhusu shule ivute nakala moja na kuigawa ndani. Wapelekee flashi kwa posta wanaoitaka, hata kwa malipo. Watengenezaji wa Ubuntu walituma diski za bure duniani kote kwa miaka kadhaa, mpaka 2011. Asiniambie mtu kwamba jambo hilo haliwezekani.

Nasi tusikae bure. Ndani ya Windows mna mpango wa kuziwezesha kompyuta za chumba kimoja kupeana vipande vya masahihisho. Aghalabu haujawashwa ipasavyo. LibreOffice ni ya bure, haifiki nusu gigabaiti, na kwa kazi nyingi za darasani yatosha.

Nanyi ndugu zetu mliosoma hapa zamani, mlioko Kampala na Nairobi kwenye intaneti ya kasi: mkija siku ya wazazi, leteni flashi ya gigabaiti 64 yenye programu za bure na masahihisho yaliyopakuliwa kwa watengenezaji wenyewe. Andikeni kwenye karatasi ile alama ya uhakiki ya SHA-256 ya kila faili, yenye herufi na tarakimu 64, ili vijana wa chama cha kompyuta wahakikishe kwamba hakuna kilichoharibika wala kuchezewa njiani. Mwalimu wa kompyuta atazipokea, na orodha ya zinazotakiwa imebandikwa mlangoni pa maabara.