Mdudu Chungu wa Nabii Sulaiman na Katuni za Watoto Wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazee wetu waliposimulia hadithi za sungura na fisi hawakulazimika kutaja dume wala jike. Kiswahili hakidai hivyo: fisi amekuja, basi. Mchoraji wa katuni hana nafasi hiyo. Mara nyingi humtia jike kope ndefu na utepe kichwani, na asiye na pambo huhesabiwa dume. Kisha mwenye utepe hupewa kazi ya kulia na kungoja kuokolewa.

Tazameni filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Simba majike wanakaa na njaa chini ya mtawala dhalimu mpaka arejee mwana wa mfalme. Vijana wetu wa Karatu wanaoongoza watalii watakuambieni yaliyomo katika Kreta ya Ngorongoro: simba majike ndio wawindaji wakuu, na hulea watoto kwa ushirika. Kwa fisi madoa, majike ndio wenye amri. (Kwa uadilifu niseme, kiongozi wa fisi katika filamu hiyo ni jike, lakini amewekwa upande wa waovu.) Binti anayeonyeshwa kila jioni kwamba kazi yake ni kungoja, ataingia darasani akingoja.

Katika Suratun Naml, mdudu chungu aliwaonya wenzake wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.). Zamakhshari anasimulia katika Al-Kashshaf kwamba Abu Hanifa, akiwa kijana, alitaka Qatada aulizwe: alikuwa dume au jike? Qatada akakosa jibu. Abu Hanifa akasema ni jike, kwa kuwa kitenzi kimekuja kwa umbo la kike. Wapo wanasarufi waliompinga. Mimi linanipendeza hili: Imamu hakuona ajabu jike kuwaokoa watu wake.

Wavulana nao hufundishwa kuwa machozi ni aibu, ilhali Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake.

Hukumu ya picha wanazuoni wamekhitalifiana, nami siigusi leo; katuni zimekwisha kuingia majumbani. Zipo na zetu: katika Akili and Me, iliyotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, mhusika mkuu ni msichana wa miaka minne anayependa kujifunza. Mzazi, keti na mwanao, umuulize ni nani hapo anayeamua na ni nani anayengoja. Jibu likiwa lile lile kila siku, mtafutie kipindi kingine.

Wallahu a'alam.